Nyumba Nne za Tajiri Asiyekuwapo

Mume wangu alikuwa na nyumba nne za kupangisha katika miji minne, zote kando ya barabara moja, na sisi wenyewe tulikuwa wapangaji. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia habari zetu huanza kunipa pole kabla hawajaelewa, na pole ya mtu asiyeelewa hainisaidii kitu.

Alikuwa dereva wa lori. Alianza kama utingo, akiosha matairi na kulala juu ya mizigo, mpaka siku dereva wake alipougua njiani naye akashika usukani na kufikisha mzigo salama. Mwenye malori, ambaye sisi sote tulimwita Tajiri, akamwandika kazi. Tajiri alikuwa mtu mkimya mwenye huruma ya kupimwa kwa kijiko. Jina lake lilichorwa kwa rangi nyekundu kwenye milango ya malori yote, na namba ya simu chini yake.

Safari ilikuwa ileile mwaka hadi mwaka. Lori lilitoka ghala kuu, likapita mji wa reli, mji wa machimbo, mji wa mlimani wenye baridi, likaishia mji wa mpakani. Siku nne kwenda, siku nne kurudi. Njiani mume wangu alipakia vya watu, kama walivyofanya madereva wote: magunia mawili matatu huku, abiria mmoja wa mbele kule. Tajiri alikataza, na aliyekamatwa alifukuzwa. Pesa hiyo ya pembeni ndiyo iliyonunua matofali. Mshahara wake ulilipa kodi yetu ya chumba, na mshahara wangu ndio uliotulisha. Mimi nilikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini, miaka ishirini na sita, na ukitaka ushahidi tazama vidole vyangu.

Sasa sikiliza jinsi mtu mwenye akili zake anavyojichimbia shimo. Kulikuwa na dereva mwenzake aliyejenga nyumba ya vyumba viwili, akaipaka rangi. Siku moja Tajiri akapita, akauliza nyumba ile ni ya nani, na yule bwana akajibu kifua mbele, "Yangu, bosi." Wiki hiyohiyo aliwekwa ndani kwa shtaka la kuiba mafuta. Hata kama hakuiba, nyumba ilitosha kuwa ushahidi. Mume wangu alirudi nyumbani siku ile akakataa chakula.

"Umeona?" akaniambia. "Amejiponza kwa mdomo wake mwenyewe."

Kwa hiyo alipokwenda kununua kiwanja cha kwanza, kule mji wa reli, na muuzaji akamuuliza kama ananunua yeye, alicheka. "Mimi? Mimi natumwa tu, mzee wangu. Kiwanja ni cha Tajiri." Na lori lilikuwa limesimama palepale nje, jina la Tajiri mlangoni. Muuzaji angeshuku nini? Ofisi ya mtaa ikaandika karatasi, mashahidi wakatia sahihi, na ndani yake mkaandikwa kwamba dereva fulani amenunua kiwanja hiki kwa niaba ya tajiri wake.

Niliisoma karatasi ile nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, maana viti viwili tulivyokuwa navyo watoto walikuwa wanavifanyia kazi ya shule. Nikamuuliza, "Baba watoto, hapa umenunua au umenunulia?"

"Ni maneno tu, mama. Karatasi si inakaa kwangu? Mwenye karatasi ndiye mwenye nyumba."

Tuligombana siku mbili. Siku ya tatu alisafiri, na mume wa safari ana raha moja, kwamba ugomvi haufiki mwisho. Baadaye akanunua mji wa machimbo, kisha mlimani, kisha mpakani. Karatasi nne, maneno yaleyale.

Lazima niseme ukweli hata kama unanichoma: alikuwa hodari. Nimeona watu wenye nyumba moja wakishindwa kuiangalia, na yeye aliziangalia nne zilizotawanyika njia nzima, kwa kupita tu. Chini ya kiti cha lori alikuwa na sanduku la spana, mipira ya bomba, misumari ya bati na kopo la lami. Alijua kwamba mji wa machimbo wapangaji huhama bila kuaga na wakati mwingine huhama na mlango, kwa hiyo kule alitia milango ya chuma. Mpakani wafanyabiashara wanakaa wiki, si mwezi, kwa hiyo kule alitoza kwa wiki na kubadilisha kitasa kila mara. Mlimani bati hushika kutu mapema, akawa anapanda juu mwenyewe kila mara kabla ya mvua na kuziba matundu kwa lami. Katika kila nyumba alimteua mpangaji mmoja wa zamani awe na funguo na kumpigia simu bomba likipasuka.

Na kila mahali alikuwa Dereva wa Tajiri. Hilo ndilo jina alilojulikana nalo. Akagundua faida ya pili ya ule uongo, akaipenda kuliko ya kwanza: mtu aliyetumwa hachukiwi. Mpangaji akilia kwamba mtoto anaumwa, yeye alitikisa kichwa kwa huzuni kabisa. "Mimi ningekuelewa, dada yangu. Lakini unamjua Tajiri alivyo." Kodi ikipanda, Tajiri amepandisha. Choo kikikarabatiwa, basi dereva amemwombea kwa Tajiri. Wapangaji walimpa chai, walimwita kaka, walimsemea Tajiri mabaya naye akaitikia. Alinisimulia akicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeolewa na mtu anayejisengenya mwenyewe kwa watu na kuona raha.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Huyu aliwaficha hata aliowazaa. Watoto wetu watatu walikulia chumba kimoja, pazia katikati, katika ua wa milango saba na bomba moja. Binti yetu mkubwa alipofaulu kwenda mbele kusoma, baba yake alimwambia hakuna pesa. Mwezi ule alikuwa anaezeka nyumba ya mpakani. Nilijua, na nikanyamaza, kwa sababu aliniapisha: mtoto akijua atasema shuleni, shule itasema mtaani, na mtaa utamfikia Tajiri. Binti akaenda kujifunza kusuka nywele. Mpaka leo anasuka, na anasuka vizuri, na mimi kila nikimwona amesimama nyuma ya kiti cha mteja najiona mwizi.

Kilichonifunga mdomo ni ahadi moja. Nyumba ya mlimani ilikuwa kwenye kona ya mtaa, tukaiita Nyumba ya Kona, na haikuwa ya vyumba vya mstari kama zile nyingine. Ilikuwa nyumba ya mtu kuishi: vyumba vitatu, sebule, sakafu nyekundu iliyosuguliwa, na bomba ndani, jikoni. Akistaafu, tungehamia pale. Niliambiwa hivyo nikiwa na miaka thelathini na tisa. Nilichotaka duniani hakikuwa kingine. Nilitaka kufungua maji bila kuulizwa na mtu nimetumia ndoo ngapi, na kufia ndani ya mlango ambao hakuna wa kuja kuugonga tarehe moja.

Mara moja tu alinipeleka kuiona. Nilichukua likizo, nikapanda mbele ya lori, tukafika mchana. Mpangaji wake alikuwa fundi cherehani, mjane mwenye wasichana wawili, mwanamke safi mwenye tepu shingoni kama mkufu. Sebule yangu ilikuwa imejaa sare za shule zinazosubiri vifungo. Alinikaribisha chai, akanionyesha jikoni alivyopanga, akafungua bomba ili aoshe kikombe. Nilisimama nikitazama maji yale mpaka aliponiuliza kama naumwa.

"Na nyie, wifi, mmejenga wapi?" akauliza, kwa wema tu, mazungumzo ya wanawake.

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa amekaza macho kwenye kikombe chake.

"Bado tunajipanga," nikasema. "Mshahara wa dereva si unaujua?"

"Mungu atawafungulia," akasema fundi.

Nilipopanda lori kurudi nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani kati yetu wawili.

Tajiri akafa. Mwanawe, ambaye madereva walimwita Bosi Mdogo, akauza malori ya zamani na kuwastaafisha wazee. Mume wangu alipewa barua, mkono wa kwaheri na blanketi. Nilidhani sasa tumevuka. Anayeogopwa yuko kaburini. Sema basi, baba watoto, waambie watu wako kwamba Tajiri ni wewe. Nilimwambia hivyo kila siku kwa mwezi mzima. Alijibu kwamba mambo huenda taratibu, kwamba wapangaji watamwona tapeli, kwamba kwanza tumtoe fundi kwa utaratibu, halafu tukishahamia watu watazoea wenyewe.

Akampigia simu fundi cherehani. Nilikuwa nimekaa pembeni, nilisikia kila neno.

"Dada yangu, habari si nzuri. Tajiri anaitaka nyumba yake. Anataka kukaa mwenyewe. Amekupa miezi mitatu."

Kwa miaka kumi na moja fundi yule hakuwahi kuchelewesha kodi, na mabinti zake wote wawili walikuwa wanasoma shule ya mtaa uleule. Angefanya nini? Alifanya ambacho mtu yeyote mwungwana angefanya. Hakutaka kumsumbua dereva maskini, mtumwa wa watu. Namba ya simu aliijua kwa kichwa, aliisoma kwenye mlango wa lori kila mwezi kwa miaka yote hiyo. Akapiga, akaomba kuongea na Tajiri, akaunganishwa na Bosi Mdogo. Akalia. Akamwomba amwache japo wanawe wamalize mwaka wa masomo.

"Wamalize mwaka wakiwa wapi, mama?" akauliza Bosi Mdogo.

"Kwenye nyumba yako, baba. Hii ya kona."

Hakuwa amewahi kusikia kwamba baba yake ana nyumba mlimani. Lakini mtu akiambiwa ana nyumba hakatai. Alikwenda na wakili. Fundi akamwonyesha stakabadhi zake, zote zimeandikwa kwa mkono wa mume wangu: nimepokea kwa niaba ya Tajiri. Wakafuata barabara ileile, mji kwa mji, wakiuliza tu ni nyumba ipi ambako lilikuwa likisimama lori lenye jina lile mlangoni. Watu waliwaonyesha kwa vidole. Hakuna aliyesema uongo. Katika kisa hiki chote waongo walikuwa wawili tu, mimi na mume wangu.

Bosi Mdogo akazidai zote mahakamani, nami nikamsukuma mume wangu mpaka akaweka pingamizi. Kesi ilisikilizwa asubuhi nne. Hakimu alikuwa mama wa makamo, mpole, anayeandika polepole. Fundi cherehani alipanda kizimbani akiwa amevaa vizuri kama anayekwenda harusini.

"Mwenye nyumba uliwahi kumwona?" akaulizwa.

"Hapana, mheshimiwa. Alikuwa anamtuma dereva."

"Dereva yupi?"

"Yule pale, kaka yangu yule."

"Aliwahi kukuambia nyumba ni yake?"

Fundi akatutazama, na nadhani hapo ndipo alipoanza kuelewa. "Ningejua ni yake nisingepiga ile simu," akasema. "Ningemlilia yeye." Akaanza kulia palepale, wakampa kiti.

Hakimu akamgeukia mume wangu. Akamwambia kwamba karatasi zote nne zinasema amenunua kwa niaba, stakabadhi zinasema kwa niaba, mashahidi kumi na wawili wanasema kwa niaba. Kama pesa ilikuwa yake, aieleze mahakama aliipata wapi.

"Akiba, mheshimiwa."

"Mshahara wako wa mwezi ulikuwa kiasi gani?"

Akautaja. Mtu mmoja nyuma akaguna.

Nilijua anachokiogopa. Angesema alipakia vya watu, wakili wa Bosi Mdogo alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti akisubiri hilohilo: chochote kilichopatikana kwa lori la Tajiri ni cha Tajiri. Asiposema, pesa haina baba. Alisimama pale ameshika kofia, akanyamaza, na kimya chake kikaandikwa.

Nikaomba kusema mimi. Nilisema kwamba nyumba zile zina jasho langu, kwamba kwa miaka ishirini na sita nimelisha na kuvisha watoto kwa kufua mashuka yenye damu za watu ili yeye anunue bati. Nilisema vizuri, hata karani aliacha kuandika. Wakili akaniuliza swali moja.

"Mama, ulipofika Nyumba ya Kona ukaulizwa mmejenga wapi, ulijibu nini?"

Fundi alikuwa ameshawasimulia hata hilo, bila ubaya wowote. Sikuweza kuapa mbele ya Mungu halafu nimpinge mwanamke aliyenipa chai. Nikasema, "Nilijibu bado tunajipanga." Binti yetu mkubwa alikuwa amekaa mstari wa pili. Habari za nyumba nne alizisikia mara ya kwanza mle ndani, siku tunanyang'anywa. Aliinuka, akachukua mkoba wake, akatoka bila kupiga kelele. Mchuma janga hula na wa kwao, ndivyo wanavyosema, lakini huyu hakuonja hata siku za neema.

Hukumu ilisomwa kwa dakika chache. Nyumba zote nne ziliingia katika urithi wa marehemu Tajiri.

Nilimngoja Bosi Mdogo ukumbini nikiwa nimejiandaa kumtukana, na nina ulimi, Mungu ananijua. Hakunipa nafasi. Alimshika mume wangu mkono kwa mikono yake miwili.

"Mzee, mimi sina kinyongo na wewe," akasema. "Uzee una majaribu yake, nimeelewa. Baba mwenyewe alikuwa akikusifu kwa uaminifu. Na umezitunza nyumba, sijaona hata bati moja linalovuja."

Alimsamehe. Alimsamehe mtu kwa kudai nyumba zake mwenyewe, na mume wangu akasema, "Ahsante, bosi."

Kesho yake asubuhi aliitwa ofisini, akarudi mchana. Nilikuwa natia mashuka yetu kwenye beseni, nimeshazipita foleni mbili za bomba. Alinisubiri niingie ndani, akarudisha mlango, akakaa kitandani. Uso wake ulikuwa umetulia namna ambayo sijaiona tangu alipostaafu.

"Amenipa kazi," akasema. "Niendelee kuziangalia. Nipite kila mwezi, nikusanye kodi, nipande juu ya mabati. Nauli atalipa yeye. Na tutapewa chumba Nyumba ya Kona, kile cha stoo uani. Fundi anabaki ndani. Bomba tutatumia la kwake, hana neno."

"Na wewe umesemaje?"

"Nimeshukuru. Ningesemaje?"

Nilitafuta hasira usoni mwake, au hata aibu, nikaona mtu aliyepumzika. Hapo nikaelewa jambo ambalo nilitakiwa kulielewa nikiwa juu ya ile ndoo, miaka yote ile: hakuwa akimwogopa Tajiri peke yake. Alikuwa anaogopa kuwa na kitu. Sasa mzigo umepata mwenyewe, naye yuko huru kuubeba.

Nikamwambia, "Sikudai nyumba tena. Imekwenda, nimeshaizika. Nakudai sentensi moja. Mlango umefungwa, tuko wawili. Niambie mimi mkeo kwamba ile nyumba uliijenga wewe na ni yako."

Akatazama mlango. Akatazama dirisha.

"Punguza sauti, mama," akasema. "Majirani wanasikia."

Jumatatu alipanda basi kwenda mlimani na sanduku lake la spana na lile blanketi. Sikumsindikiza wala sikumfuata, na shuka la upande wake nimempa binti yangu.